Kwa Kauli Moja

Nimeandika mihtasari ya vikao kwa miaka mingi kuliko niliyokaa na mume wangu, na nisiwafiche, mihtasari niliielewa zaidi. Mie si polisi. Sijawahi kuvaa gwanda wala kupiga saluti. Ni karani wa masjala katika ofisi ya mkuu wa polisi wa wilaya, mtu wa kupokea barua, kuzipa namba na kujua jalada gani limekaa rafu gani. Lakini kila baada ya miezi mitatu nilikuwa nakaa mwisho wa meza na daftari langu, kwenye kile kinachoitwa kikao cha ujirani mwema.

Kikao chenyewe kilikuwa hivi. Wakuu wa polisi wa wilaya nne zinazopakana, yetu na tatu za jirani, wanakutana kwa zamu, leo huku, mara nyingine kwa mwenzao. Ng'ombe akiibiwa kwetu asubuhi, jioni yuko wilaya ya pili, na jalada limebaki huku halina mwenyewe. Kwa hiyo wanapeana habari. Wanazungumza malori ya barabara kuu, wafugaji waliolisha kwenye mpunga wa watu, mitumbwi inayopakia kupita kiasi kule delta. Na ikija barua kutoka mkoani kuuliza maoni juu ya sheria fulani, wanakaa wanatoa pendekezo moja. Watu wanadhani sheria inaanzia Dodoma. Nyingine nimeziona zikianza kwenye chumba chenye feni mbovu, chai ya maziwa, maandazi, kofia nne za polisi mezani na mwanamke mmoja mwenye kalamu.

Sasa nieleze namna yangu ya kufanya kazi, maana ndiyo iliyonifikisha nilikofika. Sikuwahi kuanza muhtasari kwenye ukurasa mtupu. Nilikuwa nafungua muhtasari wa kikao kilichopita kwenye kompyuta, nafuta majina na ajenda, napachika mapya. Ukifanya hivyo, zipo sentensi zinazoishi miaka kumi bila kuguswa na mtu. Moja ilikuwa hii: "Wajumbe wote kwa kauli moja walikubaliana kwamba." Chumbani wanaweza kununiana, mmoja akapiga meza, mwingine akatoka kwenda kusikiliza simu isiyopigwa. Kwenye karatasi yangu wote walikuwa na kauli moja. Hakuna aliyewahi kulalamika, na mkoani waliipenda.

Tena mie ni Mndengereko wa Mtunda, nimelelewa kwenye sitara. Kwetu wageni wakigombana sebuleni, mwenye nyumba anafunga dirisha. Hatutangazi. Nilikuwa nafunga dirisha kwa sentensi ile, na nilijiona mtu mwema.

Mkuu wetu wa wakati huo alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu, mpole wa sauti na mgumu wa shingo. Alikuja kwetu na begi mbili na chupa ya chai, familia ameiacha huko kwao. Alikuwa anaandika kwa penseli tu, hata barua rasmi aliianza kwa penseli. Jambo lililowashangaza wazee wetu ni salamu yake. Akikutana na mzee yeyote, na sare yake, na nyota zake begani, anavua kofia, anainama kidogo, anasema shikamoo. Nimemwona akimwamkia mzee aliyeletwa na pingu kwa kosa la mbao. Askari waligeuka kando wakacheka. Mzee mwenye pingu aliitikia marahaba na machozi yakamtoka, na mimi nikaona huyu mtu amefundwa.

Basi kikaja kikao cha magobore.

Wanaoishi mbali na bonde la mto huu huenda hawajui tunavyolima. Mpunga ukianza kubeba, mtu anahamia shambani. Anajenga dungu, kibanda cha juu ya nguzo, analala humo na kuamka humo, analinda. Nguruwe wakiingia kwenye jaruba, wanamaliza kazi ya miezi sita kabla hujavaa viatu. Ndiyo maana zamani kila ukoo ulikuwa na gobore lake, bunduki ya kienyeji ya kushindilia baruti. Kibali wachache walikuwa nacho. Baba yangu hakuwa nacho. Gobore lake lilikuwa la babu yake, limelala darini limefungwa kwenye mkeka, na mie nakula mshahara wa ofisi ya polisi. Nilijua, na kila nikienda Mtunda niliangalia dari kisha nikaangalia chini.

Barua kutoka mkoani iliuliza mambo mawili. La kwanza, wakuu wapange siku moja ya kuanza msamaha, watu wa wilaya zote nne wasalimishe silaha kwa hiari bila kuulizwa walikozitoa. Hilo halikuwa na ubishi. Wilaya moja ikianza peke yake, magobore yatavuka mpaka na kurudi msako ukiisha. La pili, walitakiwa kupendekeza kama sheria iendelee kuruhusu gobore la kulindia shamba kwa namna yoyote ile.

Watatu walisema hapana, lisiruhusiwe tena. Mkubwa wao kwa umri, ndiye aliyekuwa mwenyeji na mwenyekiti siku hiyo, akasema silaha ni silaha, haina ya kuua nguruwe na ya kuua mtu.

Mkuu wetu akaweka penseli chini. "Kwenye nyumba za watu ziondoke, hapo tuko pamoja," alisema. "Lakini kila kijiji cha mpunga kibaki na mbili, zifungiwe ofisi ya kijiji, zitoke kwa saini msimu wa kulinda. Mpaka tupate askari wa wanyamapori wa kutosha. Tukizichukua zote leo, mwaka huu huu mzee atamfuata nguruwe na debe."

"Mzee ana watoto, wamsaidie," mwenyekiti akamjibu.

"Watoto wako Dar es Salaam, afande."

Wakabishana mpaka chai ikapoa. Mwisho mkuu wetu akasema, bila hasira, "Basi mimi nimekataa." Akanigeukia. "Dada, andika kwamba nimekataa, na sababu zangu."

Nikaandika. Nikaandika kwenye daftari langu la mkono, neno kwa neno, mpaka lile la debe.

Kesho yake nikakaa kwenye kompyuta kuchapa. Nikafungua muhtasari wa zamani, nikafuta, nikapachika, nikafika kwenye ajenda ya pili, na sentensi yangu ikawa inanisubiri pale pale. Wajumbe wote kwa kauli moja. Sitaki kusema ilinipita, maana haikunipita. Nilisimamisha mkono. Nikamfikiria mtu huyu, mgeni, hana ndugu huku, ndiyo kwanza ana mwaka mmoja, na jina lake linakwenda mkoani peke yake kinyume cha wenzake watatu wakongwe. Nikamwonea huruma. Nikasema moyoni, ngoja nimsitiri. Nikaiacha sentensi ilivyo, nikaupeleka muhtasari kwa mwenyekiti, akatia saini, ukaenda mkoani.

Nasikia aibu kuandika haya, lakini siku ile nilikwenda kula mchana nikiwa nimefurahi.

Kikao kilichofuata, ajenda ya kwanza kama kawaida ilikuwa kuthibitisha muhtasari wa kikao kilichopita. Kila mmoja alipewa nakala yake. Nilimwona mkuu wetu anashuka na penseli mstari kwa mstari, kisha penseli ikasimama. Akainua macho akanitazama. Hakunikunjia uso. Alinitazama kama anayesoma barua ya msiba ambayo haijataja aliyekufa. Mwenyekiti akauliza kama kuna masahihisho. Wawili wakasema hakuna.

"Hakuna," akasema na yeye. "Nathibitisha."

Njia nzima ya kurudi kwetu Kibiti sikujua niweke wapi mikono yangu. Dereva alikuwa mbele anasikiliza redio. Tulipopita daraja la mto nikajikaza. "Afande, mbona hukusahihisha?"

"Muhtasari umeshafika mkoani, na mkoa umeshapeleka juu," alisema kwa sauti ndogo. "Ningesema pale mezani kwamba nilikataa, wangeuliza nani aliandika nimekubali. Karani aliyegeuza maneno ya kikao hana kazi. Una watoto wanasoma."

"Nilitaka kukusitiri."

"Najua." Akaangalia nje muda mrefu. "Siku nyingine andika kilichosemwa."

Nililia kwenye gari lile, kimya kimya, nikijifuta kwa ncha ya mtandio. Nilikwenda kumsitiri yeye, kumbe yeye ndiye amenisitiri mimi, na sitara yake ilikuwa na bei kubwa kuliko yangu.

Msamaha ulianza siku moja na saa ile ile kila mahali. Gari la matangazo lilipita Bungu na vijiji vyote vya barabarani, na watu walitupigia kutoka Ngarambe, wilaya ya pili huko, wakasema na kwao limepita, maneno yale yale. Nakiri ulikuwa uratibu mzuri. Sauti iliyotangaza kwetu ilikuwa ya mkuu wetu. Alilisema agizo lile kama lake, kwa sababu ndivyo kazi yao ilivyo, wakishatoka chumbani hakuna anayesema mimi sikutaka. Watu wa kwetu wakamshika yeye. Midomoni mwa watu ikawa ni yule mrefu wa bara ametuvua silaha, amekuja kula mchele wetu na kuwalisha nguruwe.

Baba yangu alikuja siku ya tatu. Alitembea mpaka barabarani, akapanda bodaboda, gobore limo ndani ya mkeka wake. Nilimwambia mimi aje. Nilimbembeleza juma zima, nikamwambia, baba, usinitie aibu kazini. Nikamwandikia stakabadhi kwa mkono wangu. Akaikunja ndogo, akaitia kwenye kofia.

"Na shamba?" akaniuliza.

"Serikali itapanga, baba."

Akanitazama, akasema haya, akaondoka.

Msimu ule mpunga ulibeba vizuri sana. Baba alilinda kwa debe na rungu. Asubuhi moja, jua limeshaanza kupanda, akashuka kwenye dungu kunawa uso maana hakuwa amelala, akakuta nguruwe jike na watoto wake ndani ya jaruba. Akapiga debe. Wote wakakimbia isipokuwa mama mtu. Alimchana paja kuanzia juu ya goti, akamwacha kwenye maji ya mpunga. Jirani wa dungu la pili alimsikia akiita akambeba mgongoni.

Alilazwa wiki tano. Mguu ulipona, ila haukukunjika tena, na mzee asiyekunja goti halimi mpunga. Anaswali kwenye kiti. Ukimwuliza kinachomuuma atakwambia hicho, si jeraha.

Wiki ya pili ya kulazwa kwake, mkuu wetu akaja wodini. Alikuja peke yake, sare yake imenyooka, mfuko wa machungwa mkononi. Mie nilikuwa nimekaa pembeni ya kitanda na chupa ya uji. Wodi nzima ikanyamaza, maana kila mtu alimjua. Akavua kofia. Akainama.

"Shikamoo, mzee."

Baba akageuza uso dirishani.

Nyie mnaosoma mnajua shikamoo isiyojibiwa ni kitu gani. Mtu anaweza kukutukana ukasahau. Lakini umemwamkia mzee mbele za watu, yuko macho, anakusikia, naye hakuitikii, huyo amekutoa kwenye hesabu ya watu. Sijawahi kumwona baba yangu akifanya hivyo kwa mtu yeyote, hata kwa mganga aliyemdanganya kwa miaka.

Mkuu alibaki ameinama. Akasema tena, chini zaidi, "Shikamoo, baba." Feni inazunguka. Mgonjwa wa kitanda cha pili akakohoa. Baba anatazama dirisha.

Mkuu akaweka machungwa kwenye meza ndogo, akavaa kofia yake mlangoni, akaondoka. Na mie niliyekuwa najua, mie ambaye ningesema maneno manne tu, baba, huyu ndiye aliyekataa, mie nikaufyata. Niliogopa kwa kazi yangu. Niliogopa baba hana kifua, Mtunda yote itajua kabla ya adhuhuri. Nikammiminia uji kwenye kikombe. Baba akasema machungwa yale nisiyamenye, nikayagawa kwa wagonjwa wengine.

Haukupita muda mkuu akahamishwa. Tulimfanyia hafla ndogo ya soda na keki. Akanishukuru mbele ya watu kwa uandishi mzuri wa vikao, na hakuwa ananisuta, ndiyo tabia yake. Lakini nilisutika. Nilifika nyumbani nikashindwa kula.

Nilikaa hivyo karibu miaka miwili. Kila Ijumaa nikienda Mtunda namkuta baba kwenye kiti chake, mguu mmoja umenyooka mbele, akitaja jina la yule bwana anatema mate pembeni. Nilikuwa namwacha ateme.

Kisha ikaja barua mpya kutoka mkoani. Sheria ya silaha inapitiwa tena, wakuu wa wilaya watoe maoni upya, "wakizingatia kwamba kikao chao cha awali kilikubaliana kwa kauli moja." Nikaipa namba barua ile. Maneno yangu yalikuwa yamezunguka nchi yakarudi kunigongea mlango.

Kikao kilikuwa kwetu safari hiyo. Mkuu wetu mpya, kijana wa haraka haraka, akafungua, akaisoma barua, akasema kwa kuwa wote walishakubaliana, tusipoteze muda. Nikasimama. Katika miaka yote ile sikuwahi kusimama kikaoni isipokuwa kumimina chai.

"Samahani waheshimiwa," nikasema. "Hawakukubaliana wote. Mmoja alikataa. Mimi ndiye niliyeandika kwamba amekubali."

Nikaweka daftari langu la mkono mezani, limefunguliwa ukurasa wenyewe. Likapita kwa mmoja mmoja. Yule mkongwe aliyekuwa mwenyekiti alikuwa bado kazini, amebakiza mwaka astaafu. Alisoma muda mrefu, miwani ameishusha puani. "Ni kweli," akasema. "Alisema hili la debe. Nakumbuka nilimjibu mzee ana watoto, wamsaidie." Akanisogezea daftari. "Liingie."

Likaingia. Maoni ya safari ile yalikwenda mkoani yakiwa na kiambatisho, maneno ya aliyekataa, na sababu zake, na maelezo ya karani. Sijui yamefika wapi, sheria zina mwendo wake. Mie nilipata barua ya onyo, nikaipa namba mwenyewe, nikaiweka kwenye jalada langu mwenyewe. Ilistahili kuwa nzito zaidi ya vile.

Jumamosi nikaenda Mtunda. Baba alikuwa anapukuchua mahindi kwenye ungo, mguu umenyooka. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikamsomea ukurasa ule mwanzo mpaka mwisho. Nilipofika kwenye mzee atamfuata nguruwe na debe, mikono yake ikasimama.

"Alisema hayo kabla?"

"Kabla, baba. Peke yake, mbele ya wenzake."

"Na wewe uliandika nini?"

"Niliandika amekubali."

"Na hospitali ulikuwepo."

"Nilikuwepo."

Hakunigombeza. Ningependa angenigombeza. Alisema tu, "Umeniacha nimchukie mtu asiye na kosa, na mie sina miaka mingi." Akaendelea na mahindi yake. Hakunisemesha mpaka aliposwali alasiri, kwenye kiti chake, nami nimekaa kibarazani siwezi kunyanyuka wala kuondoka.

Alipomaliza dua akaniita. "Namba yake unayo?"

Nilikuwa nayo. Nikapiga, nikaiweka spika, nikampa simu. Aliishika kwa mikono miwili mbele ya mdomo. Ikaita sana, halafu ile sauti ndogo ikasema, "Haloo, nani mwenzangu?"

"Marahaba," baba akasema.

"Samahani, sijakupata. Naongea na nani?"

"Ulinisalimu hospitali, mara mbili, nikiwa kitanda cha dirishani. Nguruwe alinichana paja." Baba akaisogeza simu karibu zaidi. "Nilikusikia. Sikukuitikia. Nakuitikia sasa, mwanangu. Marahaba. Na ile ya pili, marahaba."

Nikasikia kiti kinavutwa huko, mtu anakaa. Kisha akauliza, "Mguu unaendeleaje, baba?"